Usipande Ndege ya Ijumaa

Ifakara,
24 Machi 1998

Mpendwa dada Yosefina,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile homa imekuacha. Huku mtaani Lipangalala tunaendelea, ila maji yameingia hadi jikoni kwa mama. Anakuulizia kila siku.

Barua hii naituma kwa Barnaba, anayekuja huko kwa mtumbwi. Sikutaka iwekwe kwenye mfuko wa barua wa ndege, na sababu utaiona.

Kwenye kompyuta ya ofisi kuna mchezo wa ndege za vita. Kila mchana mimi hucheza na Kapteni Elineema, rubani wa mradi wetu wa chanjo. Yeye huchagua ndege nyepesi inayokata kona kali. Mimi hubaki na ile nzito. Nilimwonyesha kwamba sikimbizani naye kwenye kona: napanda juu wima hadi mwendo unakaribia kwisha, nageuka huko huko, kisha nashuka nikiwa nyuma yake. Nimemshinda mara kumi na moja. Ursula wa mapokezi ananiita Kapteni wa Kioo, na Elineema humwuliza kama leseni yake ya urubani aliinunua sokoni.

Tangu hapo hacheki. Wiki iliyopita alisema kama ndege nzito inaweza, ya kwake ya kweli, iliyo nyepesi, itaweza zaidi, na kwamba Ijumaa, akija kukuchukua wewe na masanduku ya chanjo, atawafundisha mwewe wa huko Malinyi kukata kona.

Dada, sikushinda kwa ujuzi. Kwenye mchezo ule kuna mahali pa kuzima kuanguka, ili ndege ikiishiwa mwendo ibaki inaelea tu. Kwa ndege yangu nilizima kuanguka tangu siku ya kwanza. Nilipenda kusifiwa, nikanyamaza.

Leo nilimwambia. Alicheka sana, akasema karani anaogopa marudiano. Nikataka nimwonyeshe, lakini umeme umekatika tangu jana kwa sababu ya mafuriko. Meneja yuko Dar. Kapteni akanipigapiga begani akasema, dada yako atakuja kukusimulia mwenyewe.

Nakuomba, usipande. Sema unaumwa, sema lolote. Na ukisikia mlio wake Ijumaa, wazuie watoto wa zahanati wasikimbilie kiwanjani kumpungia mkono.

Wasalimie wote hapo. Mama anakusalimu, sijamwambia kitu.

Mdogo wako akupendaye,
Beno