Folda ya Bibi

Mtanda, Lindi

Kwa dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Hujambo wewe na wanao? Na Mama, mguu umepungua kuvimba? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila uso sina. Nakuandikia wewe na si Mama kwa sababu jambo lenyewe ni la kike, na mtoto wa kiume atamtajiaje mama yake. Hata kwako naandika nimeinamisha kichwa.

Unamkumbuka Mwalimu Somoe, mwenye duka la kuchapa ninakofanya kazi. Ndiye aliyekuja huko Kinjumbi kumrekodi Bibi nyimbo za unyago, Mungu amrehemu. Kanda ziliharibiwa na ukungu, lakini alikuwa ameshaziingiza kwenye kompyuta ya dukani. Ndizo alizomwahidi Mama kuzileta akichezwa Zuhura wako, ili mwali amsikie kungwi aliyekucheza wewe.

Sasa ile kompyuta ikaanza kugongagonga ndani. Mwalimu akaagiza diski mpya Dar, akaniambia, "Hamisha vyote, fundi wangu." Nikavimba kichwa. Nikahamisha barua za wateja, mitihani ya shule, hata michezo ya karata. Nikafika kwenye folda imeandikwa UNYAGO, WANAUME MSIFUNGUE. Nikaiacha.

Sikuiacha kwa uvivu, dada. Unakumbuka tulivyohamia nyumba ya bati? Sisi wanaume tulibeba vitanda na magunia, lakini sanduku la Bibi la mambo yenu hatukuligusa, mlilibeba wenyewe. Nami nikasema Mwalimu akirudi ataihamisha kwa mkono wake. Alikuwa msibani Kitomanga. Akakawia, diski ya kompyuta ya pili ikafa, wateja wamejaa mlangoni wanapiga kelele. Nikachukua ile diski ya zamani niliyokuwa nimeitoa, ingawa inagonga, nikaifuta yote, nikaifunga kwenye hiyo kompyuta ya pili, tukaendelea kuchapa. Nilisahau. Nimejitafutia neno jingine sikulipata.

Mwalimu aliporudi akauliza, "Umehamisha vyote?"

"Vyote, Mwalimu, isipokuwa ile ya kike. Hiyo sikuigusa." Nililisema kwa majivuno, nikisubiri sifa. Ndipo nikakumbuka diski iko wapi, nikamwonyesha kwa kidole ile kompyuta ya pili.

Akakaa kitako. "Nilikukataza kusikiliza, mwanangu. Sikukukataza kubeba."

Hakunigombeza. Mchana akaniletea wali kama kawaida. Bora angenifukuza.

Tukaipeleka diski kwa fundi mmoja hapa mjini. Akahangaika nayo, akapata kipande kimoja tu, vingine vilishafunikwa na kazi za wateja tulizochapa juu yake. Mwalimu akatutoa wote nje, akakisikiliza peke yake. Alipofungua mlango macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Njoo. Hiki hakina wimbo. Wewe pia unaruhusiwa."

Nikasikia kuku wetu, dada. Kisha Bibi akakohoa kile kikohozi chake, akauliza, "Kinasikia hiki?" Sauti ya Mwalimu ikajibu, "Kinasikia, Bibi, imba." Bibi akavuta pumzi. Basi, kikaishia hapo.

Tafadhali mwambie Mama kabla hajaalika watu. Mwambie Zuhura atachezwa kwa sauti yake yeye Mama, maana alizipokea nyimbo hizo kwa Bibi mwenyewe, na Mwalimu yuko tayari kuja kumrekodi. Akikataa kutaja jina langu mwezi mzima, nitamwelewa. Nikija, nitalala kwa mjomba.

Nisalimie mjomba Saidi wa kisimani, shangazi yetu mfuma mikeka, na shemeji. Zuhura mbusu, lakini usimwambie kitu.

Kile kipande nimekitia kwenye kanda, utaikuta ndani ya bahasha hii. Mpigie Mama kanda hiyo akiwa ametulia. Mimi nimekisikiliza mara nyingi, na kila Bibi akiuliza kama kinasikia, najikuta nimeinamisha macho.

Ni mimi mdogo wako, niliyebeba hata karata,
Hamisi