Aliyeiua Baridi ya Gari ya Bwana Nassor

Mpendwa kaka Haji,

Kabla hujaniuliza hali, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na fundi ambaye kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hapana wa kumshikia hata tochi. Gari ikinisikia nakohoa inawaka yenyewe. Juzi lori la mchanga lilizima mbele ya soko la Darajani, nikalipiga kofi moja tu la boneti, likaondoka hata dereva hajapanda. Alilikimbilia mpaka Mlandege. Muulize mtu yeyote. Usimuulize dereva.

Haya, sasa salamu. Mama hajambo, ila magoti. Mimi nimechoka.

Sina anwani yako. Mmoja ananambia uko Tanga, mwengine anaapa kakuona Mombasa. Kwa hiyo barua hii nnaiandika wazi, na nitaiacha kwa muuza kahawa pale kibarazani Kikwajuni. Atakayevuka bahari akuchukulie, na wanaobaki wasomeane. Wao hasa ndio nnaotaka wasikie, maana mwaka wa pili huu wanasema Haji wa mtaani kwetu Ng'ambo ndiye aliyeiua baridi ya gari ya Bwana Nassor. Kwa neno hilo wewe umehama, na mama kila nikigonga mlango anaitikia jina lako kwanza.

Unakumbuka ilivyoteremshwa bandarini? Gari ya Kimarekani, ndefu, rangi ya maziwa, na nyuma ya kiti cha abiria mirija miwili myeupe inapanda mpaka juu kumwaga baridi. Bwana Nassor na unene wake na karafuu zake akawa anapita Darajani saa saba ya mchana, vioo vyote kafunga. Sisi tunachuruzika jasho, yeye kajitanda shali. Shali, kaka! Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kisha baridi ikafa, na yeye kwa kuona haya akaendelea kufunga vioo. Kanzu imemganda mwilini, uso kama katoka kuoga sasa hivi, na bado anapunga mkono. Nikampigia kelele, "Bwana! Huko ndani mvua imeshaanza?" Ukanitia kofi la kisogo, lakini mabega yako yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Wiki ile ile akakuita kwenye banda la magari la shamba lake, Kiembe Samaki. Akasema mbele ya watu, "Haji, ukiiponya hii, magari yangu yote matatu yatakuwa mkononi mwako, na ile nyumba ya uani utakaa na mama yako." Nyumba ya mawe, sisi ambao masika ikiingia tunahamisha kitanda mara tatu kukimbia matone! Njia nzima ya kurudi ulipiga mluzi.

Siku ya kazi nilifuatana nawe. Nlikuwa nshaota ndevu saba, nshaacha shule darasa la tano kwa hiari yangu na ya mwalimu, na nilijiona fundi mzima. Wewe hukuwa na haraka. Ulianza na mkanda, ukaubonyeza kwa kidole, mzima. Ukasikiliza feni, inazunguka. Ukanambia niingie nyuma niweke mkono kwenye tundu la mrija.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Nyingi?"

"Kama mtu anapuliza chai."

"Basi. Baridi ipo, pumzi ndiyo haipo. Kuna kitu kimeziba."

Ukafungua buti, ukatoa bati lililofunika mashine ya baridi, ukainamisha pua ndani. "Njoo unuse," ukanambia. Nikanusa. Harufu ya harusi!

Ulikwenda mpaka kibarazani kwa Bi Salma, mama yake Bwana, ukavua kofia.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Mmeshaipata?"

"Tunaitafuta. Bi, samahani, hii gari inafukizwa?"

"Isifukizwe kwa nini? Mwanangu aende msikitini ananuka petroli? Kila Ijumaa natia chetezo humo ndani, nafunga vioo, namwambia dereva awashe hiyo mashine yenu iuzungushe moshi vizuri. Udi wangu wa nasaba, hauuzwi hapa."

"Tumeusikia, Bi. Umefika mpaka kwenye buti."

Akafurahi. Alidhani unamsifu.

Mwaka mzima mashine ile ilikuwa inavuta udi. Mapezi yake ya bati, membamba kama kurasa za msahafu, yalikuwa yameshikana kwa masizi na utomvu na vumbi la karafuu juu yake, hata sindano haipiti. Mafundi wawili wa mjini walishaitazama, wakasema gesi ya kutia baridi imekwisha, mpaka iagizwe ng'ambo ya bahari. Wewe ukasema haikukwisha, inataka kuogeshwa tu. Ukasali adhuhuri kwanza, kisha tukaosha, wewe na kumbi la nazi, mimi na ndoo ya maji ya sabuni. Yakatoka maji meusi kama wino, na banda zima likanukia kama chumba cha bibi harusi. Ulikuwa na furaha siku ile. Ulinambia, "Mdogo wangu, mashine haina siri kwa mtu anayesubiri."

Alasiri Bwana akaja na wageni wake watatu. Akaingia nyuma, akajiweka sawa, akafunga vioo, akafumba macho kabisa. Ukawasha. Pumzi ikatoka nyingi, ikampeperusha kilemba, lakini ilikuwa ya moto. Ya moto, kaka, kama mtu kakufunulia chungu cha wali usoni. Wageni wakacheka. Bwana akateremka taratibu, na alipozungumza hakupandisha sauti, ndiyo ikauma zaidi.

"Nimekupa mashine inayougua, Haji. Umeitia maji, umenirejeshea maiti."

"Bwana, maji hayawezi kuiua. Asubuhi baridi ilikuwepo, tuliishika kwa mikono."

"Asubuhi, naam. Kabla yako."

Ulikusanya spana zako moja moja ukazifuta. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuletea hata baiskeli. Watoto wa Ng'ambo wakikuona umebeba maji wakawa wanakwambia, "Kaka Haji, usiimwagie gari!" Mwezi haukwisha ukapanda meli. Mama alikufungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa, na mimi nikakubebea sanduku mpaka forodhani nikifanya mzaha njia nzima.

Na sasa sikiliza, maana haya huko hayajakufika. Kazi yako Bwana kanipa mimi. Alisema mdogo wake Haji ana adabu, hakusema neno. Magari matatu ninayo mimi. Nyumba ya uani anakaa mama, na haipendi, anasema haina majirani. Mjini wanasema nimeifufua baridi, na hapo ndipo zinapotoka sifa zangu zote. Nikwambie nimeifufua vipi? Kila Ijumaa naamka kabla ya alfajiri, nakwenda kiwandani kuchukua gogo la barafu, nalifunga gunia, nalitia kwenye beseni chini ya kiti, na feni inapuliza juu yake. Bwana anajua. Anajitanda shali yake, anapunga mkono, mimi naendesha polepole beseni lisimwagike. Tukipinda kona maji yanamwingia viatuni, na mimi natazama mbele. Tukirudi nyumbani mgongo wangu umekwisha. Watu wananiita fundi, na nikilisikia neno hilo nageuka kutazama kama uko nyuma yangu.

Nimechoka, kaka. Nimechoka na beseni, nimechoka na kuchekesha watu kibarazani. Karatasi inakwisha na nimezunguka vya kutosha. Kaa salama huko uliko, kula vizuri, na ukiona mtu wa Unguja usimkimbie.

Maji hayakuiua. Adhuhuri ile, ulipokwenda kusali, nilitaka ukirudi ukute nshaitengeneza mimi, Bwana alitaje jina langu. Nilitia spana kwenye nati ya paipu ya shaba, nikailegeza nione baridi inakaaje ndani. Gesi yote ikatoka kwa mlio mmoja, vidole vikanibabuka kwa baridi, nikaikaza tena, nikafunga kitambaa mkononi nikakwambia nimeungua na rejeta. Na jioni, njiani, uliniuliza mara moja tu, kwa upole, "Ulifungua kitu chochote?" Nikakwambia, "Wallahi, kaka, sikugusa." Niligusa. Na nadhani ulijua, ukaondoka bila kunitaja.

Ni mimi, mdogo wako