Maji ya Ndege

Sethunya mwanangu,

Nimekwenda Francistown, nitarudi jioni. Uji wa mtama uko jikoni, umefunikwa.

Beseni la ndege nimelirudisha kivulini. Nimelisugua bila sabuni, nikatia maji kidogo na jiwe katikati, wapate pa kusimama. Kesho uyabadilishe ~~kama maji yatakuwepo~~ hata kama bomba limekauka. Chukua kwenye ndoo yangu.

Asubuhi nilikufokea mbele ya Mma Kelapile, jirani yetu, kwamba unachezea maji wakati mtaa mzima unapanga foleni, nikalipindua beseni. Ulipokwenda shule bibi yako akaniambia, "Wewe Oteng, mtoto anaoga nusu ndoo ili ndege wapate kunywa. Ulimuuliza?"

Sikukuuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Mma Kelapile nimemweleza kwamba mkosaji ni mimi. Akasema, "Usiniambie mimi, kamwambie mwenyewe." Nitakuambia kwa mdomo pia, nikirudi.

Nilipokuwa naweka jiwe, njiwa alitua juu ya ua akawa ananitazama. Hakushuka kunywa mpaka nilipoingia ndani.

Nisamehe.

Baba yako