Amekwenda Chumvi

Mbeya, 10 Agosti 2019

Wifi yangu Mama Limi,

Salamu kutoka Mbeya penye baridi ya kuuma masikio. Sisi tu wazima, labda nyie huko Ibadakuli. Mama ameamkaje? Uvimbe wa mguu umepungua? Mfikishie shikamoo yangu, umwambie matobolwa yake, vile viazi vikavu, tumeshayafungua kabla hata ya treni.

Najua utacheka kuona barua ndefu hivi kwenye WhatsApp. Siwezi kuandika kama wanao, nusu mstari na kikatuni. Mimi nilifundishwa barua ina mahali, tarehe na salamu, na simu haijanibadilisha.

Tumefika jana usiku kwa basi, tumelala nyumba ya wageni jirani na stesheni. Treni inatarajiwa leo mchana. Tumekata daraja la tatu, viti vitupu, ndivyo tulivyopanga tangu mwanzo. Kaka yako Doto anasema aliyekaa kwenye shimo la dhahabu Nyarugusu miaka kumi na minane hawezi kulalamikia benchi. Tutashuka Kapiri Mposhi, twende Kabwe, halafu treni nyingine hadi Livingstone. Unakumbuka Kabwe ndiyo ile Broken Hill ya kitabu changu cha historia cha kidato cha pili, yenye picha ya fuvu. Kaka yako aliniambia siku ananichumbia, "Mhaya wewe, ukinivumilia nitakupeleka ukalione hilo fuvu lako." Nimemvumilia. Sasa anilipe.

Lakini moyo wangu hauko sawa kwa ajili ya pacha wake, shemeji Kulwa. Nilipomuaga alikuwa ameegemezwa mito mitatu na bado pumzi inamkimbia. Narudia tulivyokubaliana mbele ya Mama: hali ikibadilika, andika tu, hata tuwe stesheni gani, tunageuza. Doto ana kitochi chake na hakitafanya kazi ng'ambo, kwa hiyo kila kitu kipitie simu hii. Mimi humsomea, maana maandishi madogo yanamshinda. Tukivuka Tunduma laini itakatika hadi nipate ya huko.

Wifi yako,
Melania


Ibadakuli, 11 Agosti 2019

Wifi wa mimi, Mama Boaz,

Mwangaluka! Barua yako nimeisomea watu wote sebuleni, tumecheka. Mama anasema marahaba, mguu nduhu tabu, na matobolwa yalikuwa ya njiani, si ya kumalizia Mbeya. Limi anawaamkia.

Kulwa amekunywa uji asubuhi. Daktari amerudia yaleyale: vumbi la mawe limeganda mapafuni, dawa ya kulitoa hakuna. Kulwa akamwuliza, "Kwa hiyo daktari, mimi nina dhahabu kifuani? Basi msinizike, mnipeleke karasha mkanisage kama mawe." Daktari wa watu hakujua acheke au aondoke. Mama alimfokea, "Nyamaza, mdomo wako mchafu!" naye akawa anacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Amenituma nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie shemeji asimwache huyo Doto ashuke kununua ndizi, treni itamwacha kama kuku. Na wanipigie picha ya daraja la Livingstone, lile la chuma. Nataka nione kama matimba yake yamekazwa vizuri kuliko yetu." Si unajua wao waligombana maisha yao yote nani anakaza vizuri magogo ya shimo.

Mama ana neno moja tu. Anasema Doto asiende mbali kiasi cha kushindwa kurudi siku mkono wake utakapohitajika. Kwetu mambo ya mapacha hayafanywi na mtu mwingine.

Wifi yako,
Paskalia


Mwambie Doto. Mama amesema umsomee haya kama yalivyo, usiongeze usipunguze.
Kulwa amekwenda chumvi. Ameondoka leo alfajiri. Tunamsubiri Doto. Mnafika lini?
Paskalia. Tarehe 13.


Kabwe, 15 Agosti 2019

Wifi yangu Mama Limi,

Habari za siku mbili tatu? Mama hajambo? Huku tu wazima. Treni ilichelewa sana njiani, leo ndiyo nimepata laini ya Zambia, na barua yako ya tarehe 11 na ujumbe wa tarehe 13 vimeingia kwa mlio mkubwa, watu wote kwenye foleni wakageuka. Mbona hukunisalimu hata? Nimekusamehe kwa sababu ya habari yenyewe.

Wifi, nimefurahi! Nilimsomea Doto pale pale nje ya kibanda cha laini. Nikasoma kwa sauti, nikacheka, nikamwambia, "Sikia mwenzio! Tumemwacha kitandani anahesabiwa pumzi, leo kaondoka alfajiri kwenda kutafuta chumvi! Huyo akifika dukani atamkopa Nasibu na sigara." Doto hakucheka. Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akasema, "Ndiyo. Huko ni mbali." Nikamwambia duka la Nasibu si mbali, labda kwa mgonjwa. Akanitazama kidogo, akasema, "Twende tukaone fuvu lako."

Fuvu lenyewe halipo. Lilichukuliwa na Waingereza siku nyingi, limebaki bango. Nilisimama pale na kitabu changu kichwani nikajiona mjinga kidogo, lakini mjinga mwenye furaha. Ng'ambo ya pale kuna vilima vyeusi vya taka za mgodi wa zamani. Wanasema zina sumu ya risasi, imeingia kwenye damu za watoto wa mtaa mzima. Doto alivitazama muda mrefu kuliko bango. Akasema, "Marudio, taka za mawe yaliyokwisha kusagwa. Kila mahali wanachukua mali, wanawaachia watu marudio." Kisha akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na suruali safi. Nikampiga picha. Nitakuonyesha.

Nikuchekeshe. Asubuhi hiihii, tulipotoka pale, kaka yako ameingia kwa kinyozi wa barabarani akatoka na kipara kinachong'aa. Nikamuuliza, "Umeogopa chawa wa treni?" Akasema, "Ndiyo, mama." Halafu amekuwa mgumu wa kula. Jana usiku tulikula nshima, ugali wa huku, na samaki, hakuna shida. Leo mchana chakula kilekile amekisukuma, anasema kina chumvi. Amekula ugali mtupu na maji. Nadhani ni presha, nitamlazimisha apime tukirudi.

Nilimuuliza kama tugeuze, kwa kuwa mmeuliza tunafika lini. Akajibu, "Fika mwisho wa tiketi yako." Basi usiku tunapanda treni ya Livingstone. Ni ya polepole mno, watu wanasema ukishuka ukatembea utaikuta mbele inakusubiri. Mwambie shemeji Kulwa aniwekee chumvi kidogo, na picha ya daraja inakuja.

Wifi yako mwenye furaha,
Melania


Ibadakuli, 16 Agosti 2019

Melania,

Hii usimsomee Doto. Nenda mahali usome peke yako.

Sikukusalimu tarehe 13 kwa sababu msibani hatuulizani habari. Kulwa amefariki. Nimeandika neno hilo mara moja na sitaliandika tena. Alfajiri ya tarehe 13, mikononi mwangu na mwa Mama. Hakuhangaika. Alisema anasikia baridi ya shimoni, akanyamaza.

Nilidhani unajua. Miaka yote hii kwenye nyumba yetu, nilidhani kaka amekuambia. Kwetu pacha hasemwi hivyo. Bibi yetu alitulea hivi: zamani wanaume walikwenda kwa miguu Ziwa Eyasi kuchota chumvi, na wengine hawakurudi. Kama aliyepotea ana pacha nyumbani, yule pacha haambiwi kwamba ndugu yake hakurudi. Anaambiwa amekwenda chumvi, bado yuko njiani. Neno lenyewe likitamkwa masikioni mwake, litamchukua na yeye. Ndiyo maana Mama alisema umsomee kama yalivyo. Doto alielewa. Alielewa mara ya kwanza. Kile kipara si chawa, wifi. Na chumvi haonji hadi siku atakapoweka mkono wake kaburini.

Barua yako ya jana iliingia tukiwa tumekaa kwenye mkeka na waombolezaji. Mama alisikia simu, akasema, "Soma, ni ya Doto." Nikaanza kwa sauti kabla sijaitazama. Nilifika kwenye duka la Nasibu. Nasibu mwenyewe alikuwa pale mlangoni, ameleta kuni. Watu waliinamisha vichwa. Mama akauliza tu, "Wanakuja?"

Sikulaumu. Nalia tu kwa namna ulivyocheka.

Udongo wa kwanza ni wa Doto. Si wangu, si wa Mama, ni wa aliyelala naye tumboni. Wazee wamekubali kusubiri hadi Jumapili tarehe 18. Baada ya hapo mwili haungoji. Msije kwa treni, pandeni chochote. Nijibu.

Paskalia


Ibadakuli, 18 Agosti 2019

Wifi,

Nimekupigia tangu Ijumaa, simu haipatikani. Tiki ni moja tu.

Tumemzika saa kumi jioni. Ilipofika zamu ya udongo wa kwanza Mama alikataa mtu yeyote asishike jembe. Tulisimama juani mpaka mchungaji akaanza kutazamana na wazee. Mwishoni Mama alivua khanga yake ya begani, akaitupa mle ndani, akasema, "Doto amefika." Ndipo wakafukia.

Mama amerudi nyumbani bila khanga, amekataa kujifunika nyingine.

Paskalia


Kapiri Mposhi, 20 Agosti 2019

Wifi yangu Mama Limi,

Poleni. Pole, Mama. Pole wewe uliyemshika. Sijui salamu ya barua ya namna hii, na mimi ndiye niliyejisifu kwa salamu.

Simu ilizimika ndani ya treni ya Livingstone, hakuna pa kuchaji. Treni ikaharibika Choma, tukalala hapo. Tumefika Jumapili. Mchana nilimpeleka Doto darajani nikampiga picha ameshika chuma, kipara kinang'aa, nyuma yake moshi wa maporomoko ya maji. Nikamwambia, "Cheka, ya Kulwa hii." Akacheka, wifi. Ninayo hiyo picha. Saa kumi ile mliyosimama juani, mume wangu alikuwa darajani anacheka kwa sababu nimemwamuru.

Niliwasha simu usiku nyumba ya wageni. Nilisoma barua zako zote mbili bafuni, nikafungulia maji ili kilio changu kisisikike nje. Nilipotoka Doto alikuwa amekaa kitandani na viatu. Akasema, "Paskalia amekuambia." Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Usilitamke." Nikamwambia sitalitamka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale kwenye kibanda cha laini. Jana kutwa tulikuwa kwenye basi la kurudi. Leo asubuhi hapa stesheni, tumekaa juu ya begi, akaanza mwenyewe.

"Ungefanya nini? Treni ya kurudi ilikuwa siku nyingine. Ungelia kutoka Kabwe mpaka Shinyanga. Miaka yote ulikuwa unalingoja hilo fuvu."

Nikamwambia, "Ungepanda basi, Doto. Mama alikuwa anakungoja. Udongo ulikuwa unakungoja."

"Najua."

"Sasa?"

Akakaza kamba za viatu. Kisha akasema, "Nikishuka Shinyanga, nitaona kaburi. Kwenye treni bado yuko njiani, na mimi niko njiani. Tulikuwa tunakwenda pamoja. Nilitaka twende kidogo tena."

Halafu akakohoa. Wifi, ninakuandikia hili kwa sababu sitaki kukuficha kitu. Ni kikohozi kile. Kile cha kukauka, kinachoanza chini na hakifiki mwisho. Nimepekua shajara yangu ya mwaka huu na nimekiona tangu Aprili, nimekiandika mara kwa mara na kila mara nimekiita mafua. Walisaga mawe kwenye karasha moja, wakavuta vumbi moja, na mimi nikaandika mafua.

Treni ya nyumbani inaondoka leo. Mabasi yapo, lakini anasema amechelewa tayari na kukimbia hakutamrudisha mtu. Mwambie Mama ukweli huo, asifikiri ni mimi nimemzuia. Akitaka kunilaumu kwa kicheko changu, anayo haki. Tukifika usitupikie kitu chenye chumvi. Nami nimeiacha. Najua mimi si wa damu hiyo na hainihusu, lakini siwezi kula yenye chumvi mbele yake.

Tukivuka mpaka nitarudisha laini yangu. Kabla sijafunga, nikuambie kilichotokea sasa hivi. Aliniomba nitoe simu nimsomee. Nikauliza nisome nini. Akasema, "Ule wa kwanza. Wa chumvi." Nikaufungua, nikaanza kusoma taratibu, kwa sauti ya msiba. Akanishika mkono.

"Siyo hivyo, Mama Boaz. Nisomee kama ulivyosoma siku ile. Na kile kicheko, cha kabla hujajua."

Nilikataa. Akaendelea kunishika mkono. Abiria walikuwa wameanza kusogea na mizigo yao. Basi nikasoma kwa sauti, Kulwa amekwenda chumvi, ameondoka leo alfajiri, nikamwambia sikia mwenzio, huyo akifika dukani atamkopa Nasibu na sigara. Nikacheka palepale nilipocheka Kabwe. Doto alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

Wifi yako,
Melania