Chai ya Kitandani

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Watoto wa jirani bado wanapiga mpira kwenye ukuta wako? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, na habari hiyo imeshachakaa.

Nimelala tena juu ya cherehani. Mteja aliingia kuchukua sketi akanikuta shavu liko mezani, mate yananitoka, mguu bado uko kwenye kanyagio. Sketi yenyewe nimeishona nyuma mbele. Daktari ameniongezea dozi mara ya pili. Anasema hii tezi ya shingoni ikizembea, mwili mzima unazembea nayo, na vidonge vinafanya kazi iliyoishinda tezi, ila vinataka subira. Subira ninayo. Nguvu ndiyo sina. Nikipanda ngazi za nyumbani napumzika katikati, na wenzangu wakijipepea mimi navaa sweta.

Tulianza kumeza vidonge mwezi ule ule, mimi na wewe, na naambiwa siku hizi unaimba ukipiga pasi. Kaniambia Sindano. Tangu huyo binti yangu ahamie mjini kwako, simu zake zote ni mama mdogo hivi, mama mdogo vile. Utotoni ulirithi magauni yangu. Sasa umerithi hata ugonjwa wangu, na unakukaa vizuri kuliko unavyonikaa mimi. Nakuombea uzidi kupona, lakini usiharakishe.

Mwambie Sindano anitumie vipimo vyake. Harusi ni Juni, na gauni nitalishona mimi, hata kwa meno. Nilimwahidi tangu akichezea vipande vya kitambaa chini ya meza yangu.

Dada yako

Tarehe 15 Machi

Shikamoo dada,

Habari za afya? Shemeji hajambo? Mimi mzima, na nakuja kukuudhi, kwa hiyo kaa kwanza.

Sindano alikuja kwangu Jumamosi na kitambaa begani. Anataka gauni nimshonee mimi. Nilimuuliza kama mama yake anajua, akaanza kuchunguza kucha zake. Alisema, "Mama amechoka, mama mdogo. Nikimpa atashona huku analia, na akilikosea hatajisamehe. Niachie, nitamwambia mwenyewe."

Najua hajakwambia, maana ungekuwa umeshanipigia simu. Mimi kukuficha siwezi. Kitambaa kiko kabatini, mkasi haujakigusa. Sema wewe.

Mdogo wako

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwishoni kama zitabaki.

Nina wivu. Sitaki kulizungusha. Roho inaniuma. Nimevisha mabibi arusi wa mtaa mzima, wa kwangu anavishwa na mtu niliyemfundisha mimi kutunga uzi kwenye sindano. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mtoto amesema kweli. Juzi nilikata mkono wa blauzi nikakuta nimekata wa kushoto mara mbili.

Kikate hicho kitambaa. Lakini usiniandikie kwamba limependeza.

Aliyebaki upande wangu ni baba watoto tu. Kila asubuhi ananiletea chai ya maziwa kitandani, na kidonge changu kwenye kisahani pembeni ya kijiko. Nameza, nakunywa, nalala tena. Wewe una nguvu, una gauni, una binti yangu. Mimi nina kikombe.

Salamu hazikubaki.

Dada yako

Tarehe 11 Aprili

Shikamoo dada, hata kama huitikii,

Unaendeleaje? Nimepiga simu, shemeji anasema umelala. Inawezekana, na inawezekana pia umemkonyeza.

Nimekata gauni. Sasa na wewe usikilize wivu wangu, maana si wewe peke yako uliyejaliwa. Hicho kikombe chako ndicho kimeninyima raha wiki zote hizi. Tangu yule bwana aliyenioa afungashe mizigo yake, hakuna aliyewahi kuniletea kitandani hata maji. Kidonge nameza peke yangu jikoni, nimesimama, na maji matupu, kwa sababu muuza dawa alinikaripia nisikichanganye na kitu, maziwa ndiyo kabisa. Halafu natandika, naoga, nakunja nguo, ndipo nabandika chai. Naitazama ile sufuria nikikufikiria wewe unavyoletewa, na nakuchukia kidogo.

Nimeyaandika hayo kwa hasira, kisha nimeyasoma upya. Dada, unamezea maziwa? Kila siku? Hebu nenda kwa daktari umwambie.

Mdogo wako

Tarehe 2 Mei

Marahaba mdogo wangu,

Hali yako? Nimekwenda, na baba watoto alinisindikiza. Daktari aliuliza vidonge nameza vipi. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, kifua mbele, akaeleza mpaka sukari. Daktari akaweka kalamu chini. Kumbe maziwa yanakizuia kidonge kisiingie mwilini sawasawa, na chai nayo haisaidii. Alituelekeza siku ya kwanza, anasema. Siku hiyo mimi nilikuwa nasinzia pale pale kitini, na mwenzangu alikuwa ananishikilia nisianguke.

Tulipofika nyumbani akakiosha kile kikombe, akakiweka juu ya kabati. Nilimwambia hakunipa sumu, alinipa chai. Sasa ananiletea maji, anakaa ukingoni mwa kitanda tunangoja wote, na yeye chai yake haigusi mpaka yangu iruhusiwe.

Dozi imepunguzwa, maana sasa kidonge kitaingia chote, na damu itapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo harusi itanikuta bado nimechoka. Gauni ni lako. Nimelia, nimemaliza, na Sindano nimemwambia alichagua vizuri. Pindo liweke pana, yule anakanyaga nguo.

Dada yako

Tarehe 20 Juni

Shikamoo dada,

Mwaonaje hali baada ya shughuli? Nimefika salama.

Nilikuona ukumbini umepiga magoti nyuma ya bibi arusi. Watu walidhani unamtengeneza. Ulikuwa unageuza pindo kukagua mshono wangu, na hukusema lolote mpaka naondoka.

Lakini siandiki kwa ajili hiyo. Ile asubuhi niliyoamkia kwenu nilimeza kidonge changu nikarudi kujilaza, uvivu tu. Baada ya muda shemeji akabisha hodi, kikombe cha juu ya kabati kiko mkononi, kinatoa moshi. "Dada yako kanituma," akasema, akakiweka akaondoka. Nimekunywa chai nimejifunika shuka mpaka kidevuni.

Mdogo wako

Tarehe 6 Julai

Marahaba mdogo wangu,

U mzima? Damu imepimwa, daktari ametabasamu. Jana nimeshona sketi mbili, zote mbele iko mbele. Mchana bado najilaza kidogo, na sijifichi tena.

Pindo lako limenyooka. Nilitafuta kosa kwa macho na kwa vidole sikuliona, na hilo limeniuma kuliko kama ningeliona.

Shemeji yako anauliza utakuja lini. Kikombe hajakirudisha juu ya kabati. Njoo, mdogo wangu, njoo upesi. Siku ya kwanza utaletewa kitandani. Ya pili utaamka upike, utuletee sisi. Mume ni wangu, usizoee.

Dada yako