Wifi Niliyemsingizia Ananitunza, Nami Namshuku

Mpendwa Mama Sekela, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu, maana jambo hili siwezi kulisema kwa mume wangu wala kwenye jumuiya yetu hapa Mkumbi, na Padre nimemwambia nusu tu.

Nina wifi yangu, Hildegardi, dada mkubwa wa mume wangu Alphonce, mjane asiye na mtoto, shamba lake la kahawa limepakana na letu. Miaka minane iliyopita mwanangu Kilian aliugua, wifi mwenyewe ndiye aliyenisindikiza hospitali, akabaki nje, na daktari akaniambia moyo wa mtoto una tundu tangu kuzaliwa. Hakuishi mwezi. Nikanyamazia maneno ya daktari, niliogopa ukweni watasema kasoro imetoka tumboni mwangu, na siku ya tatu baada ya maziko, wanawake waliponiuliza ni nani amemla mtoto, nikasema nilimwona wifi alfajiri akinyunyiza kitu mlangoni pangu. Mama Sekela, sikumwona, hakuwapo kabisa. Walichoma jiko lake, akaondoka na kifurushi kimoja kichwani kwenda kwa mjomba wake Lituhi, kule ziwani, akakaa miaka sita.

Mwaka juzi mjomba alifariki, naye akarudi. Hakunigombeza. Alinisalimia, akanipa samaki wakavu, mbasa wawili wakubwa, nikawafukia nyuma ya choo. Mwaka huu wakati wa mvua nikateleza kwenye mashimo ya ngolo, yale tunayochimba mteremkoni kuzuia maji, nikipalilia mahindi, mguu ukavunjika, na tangu siku hiyo wifi anakuja kila asubuhi, anateka maji, anafua, ananiletea uji wa ulezi, na mimi kazi yangu ni kumtazama mikono. Uji nilikuwa naumwaga kwenye migomba akishageuka. Siku moja alirudi ghafla kuchukua kanga yake, akaukuta bado unatiririka. Akachukua kanga yake akaenda. Kesho yake, kabla ya kunipa bakuli, akanywa mafunda mawili mbele yangu, akasema, "Nimeonja, wifi. Kunywa."

Badala ya kuona aibu nikawaza kwamba labda ana kinga. Nikamwuliza, "Unataka nini kwangu?"

"Mguu umevunjika na maji yanahitajika," akajibu. "Nitake nini tena?"

Jibu hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu mimi ningekuwa yeye ningelipiza. Nilimweleza Padre kwamba kuna mtu nilimkosea ananitendea mema, kosa lenyewe sikulitaja, akasema hiyo ndiyo neema, ndivyo Mungu anavyotupenda, bure, bila kustahili. Mama Sekela, bure gani hiyo? Huku kwetu hata mbegu ya maharage ukipewa unajua kuna siku utaitwa kupalilia. Nilikuwa na mashaka na wifi peke yake, sasa nina mashaka na Mungu pia, nasali huku nikijiuliza ananivizia siku gani.

Sasa binti yangu Dorothy anapata kipaimara na amemchagua shangazi yake awe msimamizi. Nikakataa. Alphonce akasema, "Nipe sababu moja," nikakosa sababu, nikarudia uongo uleule mbele ya majirani wawili. Wiki hii watu wameacha kumwitikia salamu, na juzi jiwe limetua kwenye bati lake. Leo asubuhi amekuja na maji kama kawaida. Je, nimruhusu asimamie? Na nitajuaje kama wema wake ni wa kweli?

Mama mwenye mashaka, Mkumbi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mguu, na pole sana kwa Kilian. Pole zangu zinaishia hapo kwanza.

Katika barua yako yote mtu mwenye hila ni mmoja tu, na si Hildegardi. Unamtazama mikono kwa sababu unaijua yako ilifanya nini. Umempima kwa kipimo chako, umeona hakimtoshi, ukaamua kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Padre hakukudanganya. Neema si ujira, wala si chambo. Kristo hakungoja tutengenee ndipo atupende, alitangulia yeye. Wewe umezoea kwamba kila apewaye atadaiwa, kwa hiyo cha bure unakiona mtego. Wengi tuko hivyo, nami nimo. Lakini mtu hawezi kuamini kwamba amesamehewa jambo ambalo bado anakana kulitenda. Ndiyo maana unasali kwa woga.

Wala usidhani ukisema ukweli utakuwa umeilipia neema. Hailipiwi. Nakuambia useme kwa sababu mama wa watu ametupiwa jiwe, na aliyelirusha alisukumwa na ulimi wako.

Basi, leo hii, usingoje Jumapili, mwite Alphonce umwambie alichosema daktari. Yeye aende moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu hilo jiwe, maana walishachoma jiko, safari hii watachoma nyumba. Kisha mwambie Hildegardi mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, na usimlilie akubembeleze, aliyeumizwa ni yeye. Jumuiya ikikutana, simama na magongo yako useme, "Nilisema uongo." Usimsingizie shetani wala uchungu wa msiba. Habari ya msimamizi mwachie Dorothy na shangazi yake, wewe huna kura. Hildegardi akikasirika, akiacha kuja, ana haki, na maji mtateka wenyewe.

Kwa sababu ya hatari iliyokuwapo, jibu hili nilimsomea mama huyu kwa simu siku ileile barua ilipofika, na tumengoja wiki tatu kulichapa. Jumatatu alinipigia. Anaitwa Restituta, ametaka jina lake liandikwe, na wifi yake ameruhusu lake. Ameyafanya yote. Alipomaliza kusema mbele ya jumuiya, wanaume wawili wakajitaja kuwa ndio waliochoma lile jiko.

Nikamwuliza ilikuwaje alipomweleza Hildegardi habari ya daktari. Akasema wifi yake aliendelea kukamua nguo, kisha akasema, "Nilijua. Siku ile daktari alitoka nje akaniambia mimi kwanza."

"Mbona hukusema, walipokuwa wanakuchomea jiko?" Restituta akamwuliza.

"Ningesema, wangekugeukia wewe," Hildegardi akamjibu. "Na ulikuwa umetoka kuzika."