Kengele Inayomsikia Mama Tu

Kwako Baba yangu, mzee wa redio,

Nimeona kitu ambacho ungekuwepo ungevua kofia. Nimeona mwanga ambao jicho haliuoni. Usicheke! Najua ungesema, "Binti yangu, kama umeuona basi unaonekana." Subiri nikueleze, maana hata mimi, fundi wa tivi wa miaka yote hii kibandani pale soko la Owino, nilikaa kitandani kwa mama nikashika mdomo.

Kwanza habari za nyumbani. Mama alipata kiharusi baada ya wewe kutuacha. Upande wa kulia umelala, mkono na mguu. Akili yake ni ileile, kali kama zamani, na maneno anayo, ila sauti imekuwa ndogo kiasi kwamba ukiwa jikoni humsikii kabisa. Analala chumba cha mbele, mlango wazi, na sisi tunamzunguka: mimi, kaka Juma, mkewe Zainabu, na watoto wao wawili ambao hukuwahi kuwaona. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Nikasema, kitufe kimoja tu atakiweza. Nikamtengenezea kengele.

Majirani wa chini walinunua kengele ya mawimbi ya redio, ikawa inalia kwao na kwenye nyumba ya pili pia. Mimi nikataka ya mwanga, kama ule wa rimoti, kwa sababu haupiti ukutani, unabaki humuhumu ndani. Nilichukua rimoti ya tivi moja iliyokufa kibandani, nikaziba vitufe vyote nikabakiza kimoja kikubwa, nikapachika ukumbini kipokezi chenye taa na kengele. Mama akabonyeza, ikalia. Tulipiga vigelegele, Baba! Zainabu alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.

Furaha yenyewe haikudumu. Rimoti ile ilikuwa ya ukoo mmoja na tivi yetu. Watoto wakiongeza sauti, kengele inalia. Mama akiita, tivi inapiga makelele. Ilikuwa kama mtu asimame katikati ya soko la Kalerwe aite "Kato!", wageuke wanaume wote waliozaliwa pacha wa pili, maana wote ndilo jina lao. Mwanzoni tulikimbia kila ikilia. Halafu tukaanza kuuliza kwanza nani kabonyeza. Halafu hata kuuliza tukaacha. "Ni watoto," tukasema, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Mchana mmoja ikalia mfululizo. Zainabu alikuwa jikoni anasonga posho ya mahindi, akapaza sauti, "Nyie watoto, wekeni hiyo rimoti chini!" Watoto hawakuwa nayo, walikuwa nje wanacheza. Alipokwenda kuwagombeza akamkuta mama na chupa ya chai imepinduka, chai ya moto inatiririka juu ya mguu ule usiosikia. Mama alikuwa anaiona inamwagika, hawezi kujisogeza, anabonyeza tu. Ngozi ilitoka malengelenge. Zainabu alilia kuliko mgonjwa mwenyewe. Na mama, unamjua, hakumlaumu mtu. Alisema neno moja kwa ile sauti yake ndogo, "Nimeita." Lilinikaa kifuani, Baba. Nikaapa kwamba mama akiita, itajulikana ni yeye, si tivi wala si mtoto.

Ndipo nikakukumbuka na mluzi wako.

Kule kota za jeshi, Mbuya, nyumba zilipangwa mstari, ukuta kwa ukuta, Waacholi, Walugbara, sisi Wanubi, na watoto wote tumerundikana kwenye uwanja mmoja wa vumbi. Kila baba alikuwa na mluzi wake wa kuitia watoto jioni. Tulipohamia pale, sisi hatukuwa na wetu. Jioni baada ya jioni ulikaa kibarazani, umekunja mikono, na mimi nikaona aibu, nikakuuliza mbona wewe hupigi mluzi kama akina baba wengine. "Nasikiliza kwanza," ulisema. Wa jirani wa kushoto ulikuwa unapanda. Wa sajini wa nyumba ya mwisho ulikuwa wa milio miwili mifupi. Ukaja na wetu: mmoja mrefu unaoshuka, kisha kimya, kisha mfupi. Kile kimya cha katikati hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Watoto wote waliusikia, lakini ni mimi na Juma tu tuliotupa mpira na kukimbia. Nilijiona mtu mkubwa sana, kuitwa kwa sauti ambayo ni yetu peke yetu duniani.

Basi nami nikasikiliza kwanza. Nilileta kipokezi kingine kutoka kibandani, nikakiunganisha na kompyuta, nikakaa sebuleni na kubonyeza mbele yake kila rimoti ya nyumba: ya tivi, ya dikoda, ya redio ya muziki, ya feni, hata ya kigari cha mtoto. Jirani yangu wa kibanda, Mkongo mmoja mcheshi, alikuwa amenicheka niliposema nataka kengele iwe na namba yake peke yake. "Dada, weka namba yoyote bwana! Nani atajua?" Nilimwambia, mama atajua.

Na hapo, Baba, ndipo nilipoona maajabu. Kazi hii nimeifanya miaka, kipokezi nakibadilisha huku nasinzia, lakini sikuwahi kukaa nikasikiliza. Kumbe nyumba yetu imejaa mazungumzo! Kila rimoti inataja jina kwanza, namba ambayo ndiyo jina la chombo inachokiita, kisha inatoa agizo. Feni inasikia yote inayoambiwa tivi. Dikoda inasikia mambo yote ya redio. Vyote vinasikia vyote, na kila kimoja kinanyamaza mpaka jina lake litajwe. Adabu iliyoje hiyo! Binadamu wangapi wanaiweza?

Halafu nikaona jambo lililonifanya nimtaje Mungu kwa sauti. Jina likishatajwa, linatajwa tena kinyume chake, kila moja ikiwa sifuri na kila sifuri ikiwa moja, na agizo vivyo hivyo. Chombo kinalinganisha. Visipooana, kinajua kimesikia vibaya, pengine jua limeingia dirishani, na hakifanyi lolote. Nikakusikia wewe zamani zile ukituma ujumbe kwenye ile redio ya jeshi, "Narudia. Narudia." Aliyebuni jambo hili simjui, lakini nadhani aliwahi kusikiwa vibaya na ikamuuma.

Nikamwonyesha mama. Niliwasha kamera ya simu, nikamwekea mkononi, nikaelekeza ncha ya rimoti kwenye kamera na kubonyeza. Kwa macho, hakuna kitu. Kwenye simu, kitone cha zambarau kinapepesa. Mama alivuta "Ya Rabi" ndefu. Akatazama rimoti, akatazama simu, akarudi kwenye rimoti.

"Siku zote hizi upo?"

"Upo siku zote, mama."

"Na unafika ukumbini?"

"Unagonga dari, unagonga ukuta, unafika."

Akaitazama dari yetu yenye rangi inayobanduka, kwa muda mrefu, mdomo wazi. Na mimi nikaitazama naye. Tulikuwa kama watoto wawili, walahi.

Jina lake nililichagua polepole. Haikutosha kwamba halimo nyumbani. Nilitaka liwe mbali na yote, lisifanane na jingine hata likisikika nusu. Nikachunguza na majina ya tivi zinazouzwa sana hapa mjini, maana Juma anaota kununua tivi kubwa, na sitaki tivi yake ije ijifanye mama. Nilipolipata nikalitamka kwa sauti, namba tupu, nikalipenda kama jina la mtoto. Nikaliandika ndani ya kichipu kipya cha rimoti ya mama na cha kipokezi chake.

Kisha nikawaita watoto. Bonyezeni kila kitu, nikawaambia. Banange, jamani! Walizishambulia rimoti zote, kwa zamu na kwa pamoja. Feni ikazunguka, redio ikaimba, tivi ikazima na kuwaka, na kengele kimya.

"Shangazi, imekufa," akasema mdogo.

"Haijafa. Haijaitwa."

Nikaingia kwa mama nikamwambia, haya, sasa wewe. Akabonyeza. Kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka, na tivi haikushtuka, feni haikushtuka, hakuna kingine kilichotikisika nyumba nzima. Juma alifuta macho akasingizia vumbi. Siku hizi ikilia hakuna anayeuliza ni nani. Zainabu anaacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbia.

Jana mchana ikalia, na taa ikagoma kuzima. Nilikuwa nafua, nikakimbia na povu mikononi, Zainabu nyuma yangu. Tukamkuta mama amelala vizuri, mto mahali pake, chai mbali. Kidole gumba kiko juu ya kitufe, hakiachii.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nikikishikilia hivi, kinasema nini?"

Swali hilo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Nikaketi nikamweleza. Ukishikilia, hakirudii jina wala agizo, maana kimeshasema. Kinatuma mpigo mmoja mfupi wa mwanga, kisha mwingine, kisha mwingine, na mpigo huo hauna maana yoyote ila kwamba kidole hakijaondoka.

"Yaani kinasema bado?"

"Kinasema bado, mama."

Alicheka kwa upande wa uso unaoweza kucheka. Akaachia, akapumzisha kidole, akabonyeza tena na kushikilia, macho darini. Taa ya ukumbini ikawaka na kubaki inawaka. Kidole kikaanza kuchoka, naye hakuachia.

"Mwandikie baba yenu," akasema.

Nikamwuliza nikuandikie nini. Akanionyesha kitufe kwa macho.

"Hilo kinalolisema."

Basi nimekuandikia, Baba. Haya mengine yote ni maneno yangu. La mama ni hilo moja: bado.

Pumzika kwa amani, mzee wangu.

Binti yako, fundi